Mpagazi wa Kihonda

Nyumbani kwangu Kihonda, hapa Morogoro, lawama zinakuja kwa lugha tano. Shangazi yangu wa Tabora ananilaumu kwa Kinyamwezi. Mjomba wa watoto ananilaumu kwa Kiluguru, kisha anarudia kwa Kiswahili nisije nikajifanya sikusikia. Ustadhi wa madrasa ana Kiarabu chake, ila yeye ni mpole. Shule wanatuma ujumbe wa Kiingereza. Mama watoto hutumia Kiswahili, na hicho ndicho kinachouma, maana nakielewa chote.

Kosa lenyewe ni moja: watoto hawajui kilugha.

Nianze na huyo mjomba. Kwa Waluguru, ukoo unafuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, wenyewe wanauita lukolo. Mashamba ya mlimani yalirithiwa kwa upande huo, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mimi nalipa ada, nanunua sare, natibu malaria, lakini kikao cha watoto kikikaa nakalia kiti cha karibu na mlango kama fundi anayesubiri malipo.

Basi shemeji huja kutoka Dar kwa treni ya mwendokasi, ambayo tangu Juni 2024 imemwondolea kile kisingizio chake cha foleni. Chai haijapoa, ameshauliza: "Hawa wanangu mbona hawaongei lugha ya kwao?" Wanangu! Na anasema hivyo huku amekalia kiti changu kile kizuri. Siku moja nikamuuliza, je, wale wa kwake kule Tabata wanakiongea? Akanishangaa. "Shemeji, wale si wa ukoo wangu. Wale ni wa mama yao. Kawaulize wajomba zao." Mke wake ni Mchaga wa Marangu. Na kwa Wachaga mtoto ni wa baba. Kwa hiyo kule Tabata kuna watoto ambao mila zote mbili zimewakagua na kuwaruhusu wapite bila mzigo wowote.

Upande wa Tabora hesabu ni nyingine. Shangazi anasema mahari ilitoka, watoto ni wetu, mjadala umefungwa. Hupiga simu alfajiri ili asalimiwe. Binti yangu anaitikia "Mwangaluka, bibi," vizuri tu, mpaka najisikia fahari. Tatizo ni kwamba kwa Mnyamwezi hapo salamu ndiyo kwanza imeanza. Shangazi anaulizia nyumba, anaulizia mvua, anaulizia waliolala na walioamka. Mtoto anaweka simu mezani taratibu na kuja kunigongea: "Baba, bibi ameanza."

Ninaowajibu huwa nawaambia wakaulaumu mwaka 1967. Mwaka ule ulikuwa na shughuli nyingi. Azimio la Arusha, Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi, BAKITA kuundwa kwa sheria, na sensa iliyowauliza watu kabila lao kwa mara ya mwisho. Tangu hapo karani wa sensa akija anauliza choo na paa la nyumba, ukoo haumhusu. Redio zetu nazo zinatakiwa kutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza. Wenzetu Wakenya wana Kameme ya Kikuyu na Ramogi ya Kijaluo, mtu anasikiliza habari mpaka tangazo la mbolea kwa lugha ya bibi yake. Hapa Morogoro, Kiluguru cha hadharani utakisikia kwa akina mama wauza ndizi wa Soko la Chifu Kingalu, nao wakikuona una sura ya mteja wanahamia Kiswahili kabla hujauliza bei. Silalamikii Kiswahili, jamani. Bila hicho mimi na mama watoto tungechumbiana kwa ishara.

Halafu kuna ung'eng'e. Kwa kuwa sekondari karibu kila somo ni Kiingereza, mzazi anaona heri mtoto aanze kuumia mapema, tukawapeleka ingilishi midiamu. Shule ina utaratibu wake: ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, na hukivui mpaka umsikie mwenzako naye kateleza. Sijui kama walifundishwa Kiingereza, ila upelelezi walifundishwa. Kiingereza chenyewe wamekipata kwa yule nguruwe wa pinki wa kwenye katuni za Waingereza. Mama mkwe wangu ni Mwislamu safi wa Kinole. Aliposhuka kutuletea ndizi na mdalasini alitandika mkeka wake, akasikia mjukuu anakoroma kama katuni inavyokoroma, akauliza huyo mnyama kwenye runinga ni nani. Mtoto akamjibu kwa heshima zote: "Ndiye anayetufundisha Kiingereza, bibi." Mama mkwe alisogeza mkeka wake hadi ukumbini.

Nikapata wazo: likizo ya Desemba waende Kinole. Gari mpaka huko kupitia Bigwa na Kiroka, kisha mlima, migomba, mikarafuu, ukungu, hakuna katuni. Wakae na bibi yao, warudi na Kiluguru.

Bibi akawasemesha Kiswahili likizo nzima. Wageni wa mjini, alisema, huheshimiwa kwa lugha ya mjini. Kiluguru alikiweka kwa ajili ya majirani, jioni, wakati wa kuwajadili hao hao watoto na hasa kumjadili baba yao.

Na hapo ndipo nilipogundua watu wazima wa familia hii tunavyoendesha mambo. Kilugha hatuongei na mtoto. Tunaongea juu ya kichwa chake. Mama watoto na dada yake wakitaka kupanga hela ya kikoba, Kiluguru. Mimi nikiombwa mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua kule Urambo, natoka barazani najibu kwa Kinyamwezi cha chini chini. Na hawa ni watoto waliopitia mafunzo ya kibao. Tulichowafundisha hawakijui, tulichowaficha wamehitimu. Kitinda mimba wetu hawezi kumwomba mtu maji kwa Kiluguru, lakini shemeji alipokuja mara ya mwisho alimpokea mkoba na kumwambia, "Mjomba, mama amesema ukikopa tena hakupi." Shemeji, ambaye miaka yote amedai watoto waijue lugha ya kwao, hakufurahi.

Mimi zamu yangu ilifika Januari. Wanyamwezi, kama mnavyojua, tulibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo karne ya 19, na makabila mengi ya njia ile ya misafara ni watani wetu mpaka leo. Mbele yangu mama mkwe ni adabu tupu: ananiita baba, anajitanda kanga, usoni haniangalii. Kumbe kule mlimani, kwa Kiluguru na majirani zake, mimi ni yule mpagazi. Mpagazi kaleta nini? Mpagazi kapanda cheo? Watoto wanavuna maharage, kimya, wanasikiliza.

Shule zilipofunguliwa binti akapewa insha ya Kiingereza kuhusu familia yake. Akaandika kwamba baba yake ni mpagazi, alitoka Tabora kwa miguu na mzigo kichwani, akachoka alipofika Morogoro, na mama akamhurumia. Mwalimu aliisahihisha sarufi, kisha akaniita.

Nilikaribishwa kiti. Nilipewa maji ya chupa. Mwalimu akaniambia kwa sauti ya msibani kwamba uongozi umekaa ukaona nisibanwe. Ada nilipe kidogo kidogo, kwa awamu, na siku ambazo mizigo ni michache pale stendi ya Msamvu nisione haya kuja kusema.

Nilikuwa nimevaa shati la ofisini, kalamu mbili mfukoni. Nikafungua mdomo nimweleze habari za utani, misafara na mama mkwe. Kisha nikakumbuka tuko Januari. Nikamshukuru sana mwalimu, nikajishika kiuno, nikatoka nikichechemea kidogo mpaka getini.