Bodi, Roboti na Mtoto wa Garissa

Hatuna budi kuishukuru Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, ambayo kwa nguvu ya Sura ya 222 ya sheria zetu huketi kwa taadhima kuwatazama roboti wa zama zijazo wakirushiana miale ya moto, kisha huamua kwa insafu kwamba asiyetimiza miaka 16 asiwaone, asije akashtuka usingizini. Sisi wa Garissa twaiafiki hekima hiyo kwa moyo mkunjufu, maana mtoto wetu, ambaye basi lake husimamishwa kwenye kizuizi cha daraja la Mto Tana na askari mwenye bunduki ya kweli, na ambaye mwaka 2015 kafyu ilimfungia ndani tangu saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kama hiyo asubuhi, hastahili asilani kutishwa na bunduki ya plastiki. Isitoshe, roboti hao wamekosa adabu: huvamia mji mzima wala hawamuulizi mtu kitambulisho cha babu yake, kama tulivyokuwa tukiulizwa sisi. Basi enyi wazazi, zimeni runinga, mkawahimize watoto wakacheze nje, penye usalama.