Steringi Kafa, Sinema Inaendelea

Kampala, Jumapili jioni

Mama, shikamoo. Mjomba, shikamoo. Shangazi, shikamoo, na ukimsomea Mama barua hii usiruke mistari. Ukifika penye aibu kohoa, ataelewa. Wadogo zangu, marahaba kabla hamjanisalimu, maana najua hamtanisalimu.

Mimi mzima. Nimesikia kuna watu hapo Chumbageni wanasema Kampala si ughaibuni, eti ughaibuni ni mahali penye theluji. Wanyamazisheni. Hapa napanda daladala inayoitwa takisi, naagiza chapati na mayai naletewa kitu kinachoitwa rolex, na nikifungua mdomo sokoni kwa Kiswahili chetu cha Tanga, muuza nyanya ananyoosha mgongo. Kwa miaka mingi huku Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya kambi za jeshi. Baraza la mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini habari hizo hazijamfikia muuza nyanya. Na kwa kuwa akinidhania askari bei hushuka, mimi sitakuwa wa kumfikishia.

Sasa tuje kwenye kesi. Nasikia ugomvi umeanza upya sebuleni. Dogo amerudi likizo kutoka chuo na msimamo mpya: filamu zilizotafsiriwa ni ushamba, filamu ya sayansi lazima itazamwe kwa sauti yake ya asili, maandishi chini, taa zimezimwa, na mtu asitafune karanga. Mjomba, aliyeendesha kibanda umiza kwa televisheni ya chogo na kanda za mtafsiri Lufufu, anasema filamu isiyo na mtafsiri ni picha za watu wanaochezesha midomo. Mmeniomba mimi niamue kwa kuwa nipo mbali na sili chakula cha upande wowote. Basi naamua: Mjomba ana haki. Ushahidi ninao, na wote ni wa Kampala.

Huku nako kibanda ni kibanda, ila vikiwa vingi wanasema bibanda. Cha mtaani kwangu kina bati juu, mbao ubavuni, na mabenchi ya watu wanne yanayokaliwa na saba. Mlangoni pana ubao mweusi, na chaki ndiyo serikali: saa nane Terminator, saa kumi Wachina, saa moja Arsenal. Siku Arsenal inacheza dunia haiokolewi. Maroboti, madubwana na watu wa sayari nyingine wote wanapisha mpaka filimbi ya mwisho.

Mwenye shughuli yake ni VJ. Kwetu tunasema DJ katafsiri, na Wakenya wanaye DJ Afro wao. Hapa anaitwa video joker. Zamani alikaa mwenyewe ndani ya kibanda na kipaza sauti na mikisa, akishusha sauti Wazungu wakiongea, akiipandisha mabomu yakilia. Siku hizi wengi wanarekodi, na filamu zao zinapakiwa kwenye flashi madukani. Mnunuzi haulizi nani kaigiza. Anauliza kama ni ya VJ Jingo. Schwarzenegger huku ana sauti nyingi, zote za Kiganda, na sijasikia mtu akililia ile aliyozaliwa nayo.

Kiganda chenyewe nakipata nusu. Nusu iliyobaki naielewa kwa vicheko vya majirani, na ninavyoona inatosha.

Dogo, unakumbuka Avengers: Endgame ya 2019? Ulinichorea karatasi yenye mishale ili nielewe safari za kwenda zamani na kurudi, nikaelewa mishale, safari sikuzielewa. VJ wa hapa aliimaliza kwa maneno machache. Alisema hawa jamaa wamekwenda kukopa mawe kwa watu wa zamani, wamekopa bila dhamana, na katika kundi zima ni Captain America peke yake aliyekwenda kurudisha deni. Ndiyo maana amerudi mzee. Kibanda kizima kikaguna, kwa sababu katika mji huu kila mtu anamjua mkopeshaji aliyekalia kadi ya pikipiki ya mtu fulani. Filamu ya saa tatu, imeeleweka, na funzo limepatikana: madeni yanazeesha.

Halafu ikaja Interstellar, ya 2014. Hiyo ndiyo inayofanya wasomi wakunje uso. Baba anaondoka duniani kutafuta sayari ya kuhamia, anatua mahali ambapo saa moja ni miaka saba ya nyumbani, akirudi chomboni anakuta ujumbe wa video wa miaka 23 kutoka kwa watoto ambao sasa ni watu wazima. Wewe Dogo ulisema mtu hawezi kuielewa bila kumjua Einstein. VJ hakumtaja Einstein. Alisema tu, "Huyu baba alikwenda kyeyo." Kyeyo ndiyo kazi za nje, Dubai, Oman, London, kokote. Mama mmoja mbele yangu, ambaye najua binti yake yuko Uarabuni, akajibu kwa sauti, "Banange!", yaani jamani. Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji maelezo ya kwa nini saa ya kule si sawa na saa ya huku. Yule baba analia mbele ya skrini, na kibanda kinajua kabisa analia nini: pesa ilitumwa, lakini mtoto alikua bila yeye.

Najua Dogo atasema VJ anaongeza chumvi. Anaongeza, tena kwa kijiko. Anawapa waigizaji majina ya mtaani, anasalimia wateja wa duka la jirani, anamshauri Darth Vader kuhusu malezi. Lakini hebu jiulize aliyetengeneza filamu yeye anaongeza nini. Anaongeza mlipuko penye anga tupu, ambako sauti haisafiri. Star Wars yote imejengwa juu ya kelele ambazo kwa sayansi zisingesikika. Ukishakubali kelele hizo, utakataaje VJ?

Na tukiwa hapo hapo, Star Wars: Return of the Jedi ya 1983 ina rubani mmoja wa sayari nyingine, mashavu yamening'inia, macho makubwa meusi, jina lake Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, na anachozungumza ni Kikuyu. Yaani walipotafuta lugha ya mtu wa nyota za mbali, walikuja kuichukua Mlima Kenya. Wakenya wanaojua Kikuyu waliokuwa ukumbini walijua mgeni huyo anasema nini, na bila maandishi chini.

Sasa ushahidi mkubwa. Mjomba, kaa vizuri.

Katika Kampala hii hii, mtaa wa Wakaliga, yupo bwana anayeitwa Isaac Nabwana, wenyewe wanamwita Nabwana IGG. Zamani alifyatua matofali. Mwaka 2005 akaanzisha kampuni ya filamu, akaiita Ramon kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. (Wadogo zangu, mnaona watu wanavyowakumbuka bibi zao? Ninyi bibi yenu hata vocha hamumtumii.) Studio yake inajulikana duniani kwa jina la Wakaliwood. Kompyuta zake aliziunga mwenyewe kwa vipande, na bunduki zinachomelewa kwa vyuma chakavu na Dauda Bisaso, ambaye mwenyewe pia huigiza. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, mpaka ilipomdhuru mwigizaji, wakahamia rangi ya chakula. Inajazwa kwenye mipira fulani midogo inayopatikana zahanati bila malipo. Shangazi, hapa ndipo pa kukohoa.

Mwaka 2010 kikatoka kitu kinachoitwa Who Killed Captain Alex? Wenyewe wanasema gharama yake haikuzidi dola 200. Endgame ilikula zaidi ya dola milioni 300. Mimi nimeziona zote mbili, na sikumbuki kucheka kwa dola milioni 300.

Mjomba, wewe ulitufundisha katiba ya sinema: steringi hauawi. Anaweza kupigwa, kuchomwa, kutupwa mtoni ndani ya gunia, lakini hafi, maana akifa watu watadai kiingilio chao. Sasa sikia. Captain Alex ndiye kamanda, ndiye jina la filamu, na anauawa filamu ingali mbichi. Steringi kafa, sinema inaendelea! Anakuja ndugu yake, Bruce U, mtaalamu wa kung fu, kulipa kisasi. Helikopta ya kompyuta inailipua Kampala. Majambazi wa Tiger Mafia wanaanguka kwa mafungu. Unangoja mwisho uambiwe basi nani aliyemuua kapteni. Huambiwi. Filamu imeuliza swali kwenye jina lake na imekwenda zake nyumbani bila kujibu.

Na hili ndilo linalomaliza kesi. Nafasi kwenye kompyuta ilikuwa finyu, kwa hiyo Nabwana alipomaliza filamu moja na kuitoa kwenye diski, aliifuta ili apate mahali pa kuweka nyingine. Captain Alex nayo ilifutwa. Iliyosalimika ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, anayesifu, anayecheka, anayetangaza komando kila mtu anapookota bunduki. Leo filamu hiyo imetazamwa mamilioni ya mara YouTube, na watazamaji wa Marekani na Ulaya wanaoijua kwa moyo hawajawahi kuiona bila VJ, kwa sababu isiyo na VJ haipo. Dogo, hiyo sauti ya asili unayoipigania, kwa filamu hii, ndiyo ya mtafsiri. Yule uliyemwita mharibifu wa filamu ndiye aliyeiokoa.

Na msidhani wanaotazama ni sisi wa mabenchi tu. Alan Hofmanis, Mmarekani wa New York, aliona tangazo la filamu hiyo mwaka 2011, akapanda ndege kuja kuwatafuta walioitengeneza, na baadaye akahamia kabisa. Katika Bad Black ya 2016 anaigiza daktari wa Kizungu anayefundishwa ukomando na mtoto mdogo wa mtaani aitwaye Wesley Snipes. Crazy World nayo, ambamo watoto wanaojua kung fu wanawatoa jasho majambazi waliowateka, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2019. Mtoto wa shangazi yupo Toronto hiyo hiyo na hakutuambia kitu. Yeye hutuma picha za theluji.

Mmeniuliza pia kuhusu Black Panther ya 2018, kama watu wa huku waliipenda. Waliipenda na wakaidai. Florence Kasumba, yule mlinzi anayeitwa Ayo, alizaliwa Kampala. Daniel Kaluuya alizaliwa London, lakini wazazi wake ni Waganda, na huku hilo linatosha kumhesabu mtoto wa nyumbani. Mimi nina lalamiko moja tu. Wakanda ina treni zinazoelea hewani, nguo zinazozuia risasi na madaktari wanaoponya uti wa mgongo kwa siku moja, na yote hayo nimeyakubali. Lakini katika mji mkuu mzima sikuona bodaboda hata moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba hadithi hii ni ya kubuni.

Ili nisionekane nimehongwa na Mjomba, Dogo nakupa pointi moja. Tafuta Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009. Haifiki nusu saa. Dunia imekauka baada ya vita vya kugombea maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo wao vinasafishwa wanywe tena, na wakiota ndoto wanapewa vidonge vya kuzizuia. Binti mmoja, Asha, anapata udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, na anatoroka kwenda kutafuta mti. Hapo VJ anyamaze. Mtu yeyote aliyewahi kupanga madumu bombani tangu saa kumi alfajiri hahitaji kutafsiriwa. Ukimaliza hiyo, mtafute Dilman Dila wa hapa Uganda. Anaandika hadithi za sayansi na anaongoza filamu, na Her Broken Shadow yake ya 2017 ni juu ya mwanamke anayeandika riwaya kuhusu mwanamke anayeandika riwaya. Hiyo usimpe Mjomba peke yake, atadhani flashi imekwama.

Flashi yenye filamu hizi inakuja na dereva wa lori anayepita Mutukula. Captain Alex iwekeni usiku, wakati Mama hajalala, maana anapenda ugomvi usiomhusu. Mtu asiulize nani alimuua kapteni, mtakesha.

Mjomba, la mwisho ni lako. Wageni wanaofika Wakaliga hupewa nafasi ya kuuawa ndani ya filamu, na wanafurahi sana. Shughulikia hati ya kusafiria, nauli nitatuma nusu. Waigizaji huja na nguo zao wenyewe, kwa hiyo beba ile kanzu usiyoipenda uliyopewa kwenye harusi, kwani rangi ya chakula haitoki. Na tafadhali, ukishapigwa risasi, anguka mara moja na ubaki chini. Nakujua wewe, utataka kuinuka umtafsirie aliyekupiga.

Wasalaam,
Binti yenu wa ughaibuni