Naomba Chenji Yangu: Barua ya Wazi kwa Wapanga Kanuni

Kwa Waheshimiwa wa Kamati ya Kanuni,
Chama cha Democratic,
Washington.

YAH: KUREJESHEWA CHENJI YA KURA, JIMBO LA TEXAS

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itawakuta wazima wa afya na kikokotoo mkononi. Sisi Waswahili wa Houston hatujambo: Watanzania, Wakenya, Wakongomani, wote tulioapa uraia, tukapewa kibendera na kuambiwa kuanzia leo mna sauti. Nawaandikia kuhusu hiyo sauti. Katika yale maswali 100 ya uraia tuliyoyakariri hadi usingizini yalikuwamo ya mito mirefu na ya bahari, lakini hakuna hata moja lililogusa wajumbe wa chama. Sasa naelewa kwa nini. Angefaulu nani?

Msimu wa mchujo ukifika tunapanga foleni. Skrini inauliza unamtaka nani awe mgombea wa urais. Unagusa jina. Unaendelea chini, majaji na makonstebo mpaka kidole kinakufa ganzi, halafu mashine inatema karatasi, unaitumbukiza kwenye skana, unapewa stika ya kubandika kifuani. Mpaka hapo kura bado ni kura. Ikishazama humo ndani mnaipokea nyinyi, mnaigawanya, mnaizidisha, mnaikata pembe, na kinachofika kwenye mkutano mkuu, kwa umbo la wajumbe wanaomteua mgombea, hata aliyeizaa kura ile hawezi kukitambua.

Sitii chumvi. Tarehe 4 Machi 2008 Hillary Clinton alishinda Texas kwa asilimia 51 hivi dhidi ya 47 za Barack Obama, kati ya kura zinazokaribia milioni 2.9. Usiku ule vigelegele vilikuwa vyake, na sanduku likampa wajumbe 65 kwa 61. Lakini siku hizo Texas ilikuwa na utaratibu ambao wenyeji waliupa jina la dansi lao la hatua mbili: unapiga kura mchana, halafu vituo vikishafungwa saa moja usiku unarudi palepale kwenye mkutano kujihesabisha upya. Mama mwenye zamu ya usiku hospitalini, dereva wa lori aliye njiani kwenda El Paso, mwenye kichanga mgongoni, imekula kwao. Mkutano huo wa usiku ulikuwa na wajumbe wake 67. Obama akaondoka na 38, Clinton 29. Piga jumla: Obama 99, Clinton 94. Aliyeshinda kashindwa. Wengi wetu hatukulalamika hata kidogo, maana aliyefaidika baba yake alitoka Kogelo, na dhuluma ikielekea kwenu mnaiita mkakati.

Hatua ile ya pili mliifuta kabla ya mwaka 2016. Tunashukuru sana. Mkabakiza ile isiyopiga kelele.

Twende nayo taratibu, kwa sababu hapa ndipo jasho letu linapopotelea. Texas hugawa sehemu kubwa ya wajumbe wake kwa wilaya 31 za seneti ya jimbo. Tuseme wilaya moja imepewa wajumbe wanne na wagombea ni wawili. Wangu kapata asilimia 62, mwenzake 38. Mtaani huo unaitwa ushindi wa kishindo. Kwenu ni sare, wawili kwa wawili. Hesabu inatoa 2.48 kwa 1.52, mnachukua wazima wa kila upande, kisha anayebaki anakwenda kwa mwenye kipande kikubwa, na .52 inaizidi .48. Mpaka mtu avuke asilimia 62.5 ndipo wanakuwa watatu kwa mmoja. Sasa vuka barabara uingie wilaya yenye wajumbe watatu: huko nusu ya kura na moja ya juu inatosha kupata wawili kwa mmoja. Yaani kumzidi mpinzani kwa pointi 24 upande huu ni kazi bure, na kumzidi kwa kura moja upande ule ni faida ya mjumbe mzima.

Na nani kasema hawa wapewe wanne, wale watatu, na Austin mwaka ule wa 2008 wapewe wanane? Kanuni inatazama wilaya ilikipigia chama kura ngapi katika chaguzi zilizopita. Mwaka 2008 zilitazamwa kura za urais za John Kerry za 2004 na za mgombea ugavana wa 2006. Kwa hiyo wilaya za mpakani, zilizojaa Walatino, nyingine zikapewa watatu tu. Wakati Waaustini wanapiga kura ya ugavana 2006, mtu wa Brownsville, huko mpakani, alikuwa labda kazini, labda hajafikisha miaka 18, labda hajapata uraia. Miaka miwili baadaye anajitokeza kwa mara ya kwanza, moto moto, na anakuta kiti chake kimeshapunguzwa miguu kwa ajili ya uchaguzi ambao hakuwepo.

Mkitaka kujua kanuni hizi zinaweza kufika wapi, iulizeni Idaho. Mwaka uleule, kwenye mikutano iliyohudhuriwa na watu kama elfu 21 tu, Obama alipata wajumbe 15 na Clinton 3. Siku hiyohiyo New Jersey, kwenye kura zaidi ya milioni moja, Clinton alishinda kwa wajumbe 59 dhidi ya 48. Faida ya Idaho: 12. Faida ya New Jersey: 11. Watu wanaoweza kuingia kwenye uwanja mmoja wa mpira wamezidi milioni. Halafu mkija Houston kuomba michango mnatuambia kila kura ina thamani sawa. Mnatuona hatukusoma? Mnadhani aliyefuata hati za uhamiaji miaka nenda rudi, aliyetunza kila risiti na kila barua kwa sababu kosa la tarakimu moja lingemrudisha alikotoka, hawezi kugawanya kwa nne? Tarakimu zetu zikikosewa tunafukuzwa. Zenu zikikosewa mnaita utaratibu.

Samahani, waheshimiwa. Nimepandwa na mori. Turudi kwenye maombi.

Ombi langu kuu ni chenji. Katika ile wilaya ya wajumbe wanne, sisi wa asilimia 62 tulilipia wajumbe 2.48 tukapewa wawili. Hata konda wa daladala anayejifanya amesahau, ukimkazia macho huingiza mkono mfukoni. Naomba basi kila kituo cha kura kiwe na dirisha la chenji, litakalofunguliwa asubuhi baada ya matokeo, na karani wa makamo mwenye muhuri, wino wa zambarau na uso wa kutotaka mazungumzo. Nifike, nionyeshe stika, niandikiwe stakabadhi. Kama wilaya ilikuwa na wapiga kura laki moja, sisi washindi 62,000 tunagawana ile 0.48, kwa hiyo kila mmoja anadai mjumbe 0.0000077. Msidhani ni kidogo. Kwa mjumbe wa kilo 80, hiyo ni nusu gramu na ushee. Ni ukucha. Nipeni ukucha wangu kwenye bahasha, niondoke kwa amani.

Ukarimu usipowaishia, nina mpango wa kuendeleza mtaji. Kina mama wetu wanajua kucheza upatu. Kila mwezi stakabadhi zikusanywe kwa kijumbe, mwaminifu, anayeandika kwenye daftari la mistari, na wakifika watu 129,000 na ushee tutakuwa na mjumbe mzima, wa zamu. Mzunguko wa kwanza anakwenda shangazi, mzunguko wa pili jirani yake. Ukumbini tutamwita mjumbe wa chenji. Hatutadai kiti cha mbele. Akae kwenye kiti cha plastiki karibu na choo, anyanyue mkono hadi kwenye kiwiko, na Texas ikiitwa kutaja hesabu yake, mwenyekiti wetu aseme kwa sauti kubwa, mbele ya kamera zote, "na nukta arobaini na nane!" Tukiisikia hiyo nukta, tutaandaa pilau.

Stakabadhi ziwe na uwezo wa kurithiwa. Na hapa nawaomba muajiri mtaalamu, kwa sababu nyinyi sehemu zinawashinda. Tunao masheikh wa mirathi waliofundishwa thumuni, sudusi na thuluthi tangu madrasa. Mpeni mmoja kiti kwenye kamati. Mume akifariki akaacha watoto, mjane anajua ni thumuni, hata kama urithi wote ni baiskeli na deni. Mafungu yakizidi mali, wote wanapunguzwa kwa uwiano uleule, kila mtu anaondoka na chake. Hakuna sheikh aliyewahi kumtazama mjane usoni akamwambia mama, fungu lako halikufikisha asilimia 15, kaa pembeni, tunakugawia hawa wengine. Nyinyi ndivyo mlivyowafanyia watu zaidi ya laki tatu wa Texas mwaka 2020. Walimpigia Michael Bloomberg, wakafikisha asilimia 14 na kitu, na kwenye fungu la wajumbe wa jimbo zima wakapata sifuri, huku kura zao zikiwanenepesha Biden na Sanders. Wilaya chache zilimwokoa na wajumbe kadhaa, basi. Mimi tajiri yule sikumtaka, na matangazo yake yalinichosha kuliko mvua za Houston. Lakini laki tatu ni watu. Wana majina.

Maombi mengine ni madogo. Stika iandikwe "Nimepiga kura, kabla ya makato." Mgombea akijitoa baada ya kura za mapema kuanza, kama walivyofanya Buttigieg na Klobuchar mwaka 2020, tarehe 1 na 2 Machi, Texas ikiwa imeshapiga kura za mapema kwa siku 11, aje mwenyewe kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Mjumbe wangu anitumie meseji, hata ya salamu. Sisi tunachagua Machi, mwenye kukalia kiti anapatikana Juni kwenye mkutano wa jimbo, kwa hiyo kwa miezi mitatu nina kiti kisicho na makalio. Karatasi za kura za kaunti yetu ya Harris zinapatikana kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietnamu na Kichina. Kiswahili sidai, kwa sababu kanuni zenu zikitafsiriwa watoto wetu watajifunza matusi.

Kuhusu dhamiri, nitakuwa mwangalifu. Kanuni yenu inamtaka mjumbe aakisi, kwa dhamiri njema, matakwa ya waliomchagua. Imekaa vizuri sana, ina harufu ya ibada. Tarehe 5 Machi 2024 tulimpigia Joe Biden. Tarehe 21 Julai akajitoa. Kabla wiki haijaisha Kamala Harris alikuwa ameshaahidiwa wajumbe wa kutosha, tarehe 5 Agosti kura ya mtandaoni ikafungwa, na tulipowaona wajumbe Chicago wiki mbili baadaye, wakiitwa jimbo kwa jimbo huku DJ akiporomosha muziki, kazi ilikuwa imeshakwisha na iliyobaki ilikuwa ngoma. Sisemi wangefanya nini kingine. Mgombea akishaondoka, mjumbe hana wa kumpigia, na mama yule mimi nilimpigia kura Novemba bila kusukumwa. Ninachouliza ni dhamiri ile ilipata wapi nafasi ya kuniuliza. Simu ninayo. Michango mnaniomba kwa namba hiyohiyo, mara tatu kwa siku, mpaka na jina langu la kwanza mnalijua.

Kwetu Tanzania, mwaka 2020, makada waliobwagwa kwenye kura za maoni walitoka ukumbini na usemi uliozagaa nchi nzima: wajumbe si watu wazuri. Waliahidiwa kura na mjumbe huyu, wakanywa chai na yule, wakahesabu mikono nyumbani, na sanduku lilipofunguliwa mikono haikuwemo. Tulicheka sana kutoka huku Texas. Kule angalau mjumbe anakusaliti ana kwa ana, unajua nyumba yake, unaweza kumnunia msibani. Wangu simjui hata urefu.

Malipo yafanywe kwa desimali saba, tafadhali; msikadirie. Dirisha likichelewa kujengwa, niko tayari kuanza na kiti cha kukunja na karani mmoja. Natanguliza shukrani pamoja na stika yangu ya 2024, ambayo naomba irudishwe baada ya kukaguliwa, kwa sababu ni ushahidi pekee nilio nao.

Wenu mtiifu, kwa kiwango kitakachobaki baada ya kugawanya,

Mpiga kura,
Houston, Texas.

Nakala: Mjumbe wangu, popote alipo.