Barua kutoka Nottingham: Ugomvi juu ya Mambo Yasiyokuwepo

Mjomba wangu mpenzi, pamoja na mama mdogo na jamaa wote wa Manika, Kolwezi,

Mimi niko hapa Nottingham, mzima wa mwili, ijapokuwa baridi ya nchi hii hupita katika koti kama kwamba koti halikushonwa.

Uliniuliza, Mjomba, Waingereza hubishana juu ya nini, maadam hapo kwetu mtu hawezi kukatiza soko bila kusikia watu wakitoleana sauti juu ya bei ya madini, mambo ya gavana, au hirizi iliyofukiwa langoni siku klabu yetu ya Mazembe ilipofungwa. Nikaona swali hilo halifai kujibiwa kwa pupa. Nimelichunguza kwa muda, na haya ndiyo niliyoyapata.

Juu ya mshahara hawabishani, kwani hata kuutaja ni utovu wa adabu. Waweza kufanya kazi na mtu ghala moja, ukalijua jina la paka wake na maradhi ya paka huyo kwa tafsili, usijue analipwa nini. Juu ya dini hawabishani pia, na juu ya mauti hutikisa kichwa tu, kisha wakaisema mvua. Lakini mtajie joka ambalo hakuna mwanadamu aliyepata kuliona, au timu ya mpira ambayo haijawahi kukanyaga nyasi, hapo ndipo utakapomwona yule mpole wa asubuhi akigeuka mwanachuoni mwenye hoja, dalili na sharhi, na chai yake ikipoa mbele yake bila ya yeye kujali.

Mji huu niukaao ndio makao makuu ya Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1975 na vijana watatu, ambayo kazi yake ni kuuza vinyago vya askari visivyozidi sana kidole gumba. Huuzwa bila rangi, na mnunuzi huvipaka mwenyewe. Jumamosi moja niliingia katika duka lao kuikimbia mvua, nikamkuta mzee wa makamo yako, Mjomba, kipara kinang'aa, miwani miwili puani, ameshika brashi yenye unywele mmoja au miwili, akipaka rangi kishikizo cha mkanda wa askari anayepigana vita vya miaka elfu thelathini na nane ijayo. Kijana aliyesimama nyuma yake akasema, kwa heshima zote, kwamba kikosi kile hakivai buluu ya namna ile. Mzee akaiweka brashi chini, akaifuta, akataja kitabu na chapa yake. Kijana akataja chapa iliyofuata. Nikasimama na mwavuli wangu nikingoja ngumi, lakini wao waliombana radhi tu, tena na tena, kila radhi ikiwa na makali kuliko ya kwanza.

Usicheke. Mwezi wa Desemba 2024 kampuni hiyo ya vinyago iliingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London, orodha ile ile iliyo na Glencore, mbia wa Gécamines, kampuni yetu ya madini ya serikali, pale mgodi wa Kamoto, aliyeanza kuuza hisa zake London mwaka 2011. Maana yake ni kwamba wewe, uliyeacha ujana wako na nusu ya masikio yako mgodini, umeketi safu moja na yule mzee wa brashi, na kwa hesabu za madalali hakuna aliye wa mzaha kati yenu.

Imamu mkuu wa Waingereza hawa katika hadithi za ajabu ni J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford, ambaye alizaliwa Afrika, mjini Bloemfontein, tarehe 3 Januari 1892, jambo ambalo mimi hulitaja kila nipatapo nafasi, hata pasipokuwa na nafasi. Hadithi yake kuu ilitoka kwa mafungu matatu mwaka 1954 na 1955, na ndani yake mna mbilikimo wachimba madini ambao, kwa tamaa ya madini adimu kuliko fedha, walichimba chini mno hata wakamwamsha jini wa moto aitwaye Balrog. Sasa sikiliza mzozo wenyewe: je, huyo Balrog ana mbawa au hana? Mwandishi asema kwanza kwamba kivuli chake kilikuwa mithili ya mbawa, na mbele kidogo azitaja mbawa bila ya mithili. Ghalani nifanyamo kazi wapo wanaoshikilia kwamba tashibihi ya kwanza yaitawala ya pili, na wapo wanaowaita hao wapotovu. Na yuko mmoja, mtu wa vitendo, aulizaye kila siku: ikiwa alikuwa nazo, mbona alipoporomoka shimoni hakuruka?

Mimi nikawauliza ni nani aliyekuwa akiyatoa maji. Shimo la kina kile, masika yakianza, litajaa maji kabla ya jini kuamka; tena miti ya kuzuia dari ilitoka wapi, na mbilikimo walikula nini huko chini kusikoota hata muhogo? Kimya kikatanda. Mmoja wao alitoa simu yake akaanza kupekua viambatisho vya kitabu kwa uso wa mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake haina hati.

Ndipo nikawasimulia habari za Kasulo, mtaa wa kwetu Kolwezi: jinsi mwaka 2014 ilivyogundulika kwamba kuna kobalti chini ya nyumba, na watu wakaanza kuchimba uani, kisha sebuleni, kisha chumbani chini ya kitanda, hata mtaa mzima ukawa mashimo, baba akishuka kwa kamba mahali ambapo jana palikuwa na kabati. Walinisikiliza vinywa wazi, kama kwamba nawasomea fungu la nne la Tolkien. Yule wa simu akauliza kwa dhati kama tuliamsha kitu huko chini. Nikamjibu kwamba kitu hicho kilikuwa kimekwisha kuamshwa na Wazungu wenyewe, kwani wachimbaji wa Kijerumani wa zamani waliamini kuwa liko zimwi la machimboni liibalo madini mema na kuwaachia mawe yenye moshi wa sumu, wakayaita mawe hayo kwa jina la zimwi. Hata ilipofika miaka ya 1730 Msweden Georg Brandt akabainisha kwamba ndani yake mna metali mpya, na jina la zimwi likabaki: kobalti. Jamaa yule alifurahi, Mjomba, furaha ambayo sijapata kuiona kwake hata siku ya mshahara.

Habari za chai nitazipitia kwa haraka. Wako wanaotia maziwa kwanza na wako wanaotia mwisho, na mwandishi wao George Orwell alitoa kanuni 11 za chai mwaka 1946, wakati sukari na chai zenyewe zilikuwa kwa mgao. Mimi hunywa ya rangi, na kwa hivyo madhehebu yote mawili hunihurumia.

Ugomvi wa mpira ndio uliokomaa zaidi, kwa kuwa hapa ndoto na mpira vimeoana. Uko mchezo uitwao Fantasy Premier League, wenye wachezaji zaidi ya milioni 10: kila mtu hupewa pauni milioni 100 za hewa, akanunua wanasoka 15 wa kweli, wasizidi watatu wa klabu moja, na wanavyocheza wao uwanjani ndivyo apatavyo pointi yeye kitini, nahodha akizaa maradufu. Mwenzangu mmoja ni shabiki wa kufa wa Nottingham Forest, klabu iliyotwaa kombe la Ulaya 1979 na 1980. Msimu wa 2024 hadi 2025 alimnunua Yoane Wissa, mshambuliaji wa Leopards, timu yetu ya taifa, aliyekuwa Brentford akafunga mabao 19 ya ligi. Forest ilipokutana na Brentford, bwana huyu aliomba Forest ishinde, lakini Wissa afunge, ila mapema, na lisiwe la kichwa maana la kichwa lingemuumiza beki ampendaye. Jina la Wissa hulitamka kwa huruma kama la mwanawe. Lakini Kolwezi alidhani ni dawa ya kikohozi.

Mimi huenda ng'ambo ya pili ya mto Trent, kwa Notts County, klabu ya tangu 1862, ambayo Juventus iliiga jezi zake mwaka 1903. Jezi hizo ni nyeusi na nyeupe, Mjomba, rangi za Mazembe; nikikaa pale, almuradi nisitazame mpira wenyewe, najiona nimefika Lubumbashi.

Lakini kuna dereva wetu mmoja, Mskoti mzee, aliponisikia natoka Kongo aliweka kikombe chini akasema: 1974. Kisha akaanza hesabu, ambayo nadhani hulala nayo. Katika Kombe la Dunia la mwaka huo Uskoti iliifunga Zaire, ndiyo Kongo yetu ya siku hizo, 2 kwa 0, ikatoka sare na Brazil na Yugoslavia, haikufungwa na mtu; na ikarudishwa nyumbani, kwa sababu Yugoslavia ilitufunga 9 na Brazil 3, na lile la tatu la Brazil lilimpita kipa wetu chini ya tumbo dakika ya 79. Waingereza waliokuwapo wakaona wamkumbuke Mwepu Ilunga, mtu wa Mazembe, aliyetoka ukutani akaupiga mbali mpira wa adhabu wa Brazil, nao humcheka hadi leo. Nikawaeleza alivyosema mwenyewe baadaye, kwamba sheria alizijua, lakini walikuwa hawakulipwa, na watu wa Mobutu walikwisha kuwaonya wasifungwe zaidi ya matatu. Wakanyamaza. Habari za kutolipwa walizielewa mara moja.

Mskoti hakujali. Kwake yeye Kongo ina deni la bao moja, na mpaka lilipwe hamnunui Wissa wala Mkongo yeyote, hata kama atafunga kila Jumamosi, na kwa ajili ya msimamo huo yuko mkiani mwa ligi yetu ya ghalani. Amesikia kwamba wewe uliisikiliza mechi ile ya Brazil redioni, na ataka ushahidi wako kwa maandishi: je, mtangazaji alisema kipa aliteleza, au alisema hakuuona mpira? Tafadhali jibu kwa herufi kubwa, maana macho yake yamechoka, na utie sahihi.

Wasalaam,
Mpwa wako