Jinsi ya Kuziba Njia za Panya za Ofisini

Hongera, mwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Busia. Geti lako ni jipya, askari ana rungu, madirisha yana vyuma, na hakuna mwizi atakayetoka na kiti. Tuingie ndani basi. Nenosiri la mfumo wa forodha limebandikwa kwa selotepu chini ya skrini. Karani analijua, mwanafunzi wa mazoezi analijua, na shemeji yako aliyekuja kuchaji simu ameshalikariri. Mbele umejenga kituo cha mpaka, nyuma umeacha njia za panya.

Mpaka wenyewe ulishahamia kwenye kompyuta. Tangu marais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Yoweri Museveni wa Uganda wazindue kituo cha pamoja cha mpakani mnamo Februari 2018, lori husimama mara moja, na stakabadhi zake hulitangulia kwenye mifumo ya mamlaka za mapato, KRA ya Kenya na URA ya Uganda. Mwenye nenosiri lako anaweza kuuchezea mzigo wa mteja wako hata kabla lori halijafika Bumala, njiani kuja Busia.

Kwa hiyo bandua hiyo karatasi leo. Kila mfanyakazi awe na nenosiri lake, pamoja na namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yake mwenyewe. Usiniambie kwamba mnaaminiana. Mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Uganda iliwatia hatiani watu walioingia kwenye mfumo wa forodha wa URA bila idhini. Maneno ya siri ya watumishi yalikuwa yamenaswa kwa programu za kijasusi. Na karani akiacha kazi, funga akaunti yake kabla ya chai ya kumuaga.

Wezi tuwaache hapo, maana huku kwetu kuna adui asiyehitaji nenosiri. Tororo ni miongoni mwa miji inayosifika duniani kwa ngurumo: zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Ukifanya kazi chini ya Mwamba wa Tororo, au Malaba, au Busia yoyote, ya Kenya au ya Uganda, panga ukijua kwamba radi itakuja. Stabilaiza ya dukani hutuliza umeme unaopanda na kushuka, radi haiitambui. Mwite fundi aweke kizuia-radi kwenye swichi kuu, kisha apime waya wa ardhini, na aupime tena kiangazi, kwa sababu udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Mawingu yakijikusanya alasiri, chomoa plagi. Chomoa na waya wa intaneti! Wengi huusahau, na huo ndio unaopeleka radi moja kwa moja ndani ya mashine.

Nakala ya data nayo ina ujanja wake. Kuna bosi anayehifadhi diski yake kwa kaka yake ng'ambo ya barabara, akajiona amevusha data nchi nyingine. Kweli amevuka mpaka wa nchi, lakini wingu la mvua ni lile lile. Weka nakala tatu, na moja ilale mbali: Nairobi, Kampala, Eldoret, ikiwa imefungwa kwa nenosiri. Wala usitegemee intaneti peke yake. Januari 2021 Uganda ilizima intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, mtandao ukasuasua Afrika Mashariki nzima. Diski moja ibaki kabatini, imechomolewa, kwani virusi vinavyofunga mafaili kwa kudai fidia hufunga pia diski iliyoachwa kwenye mashine.

Data ya wateja ikivuja, usikae kimya ukitumaini haitajulikana. Sheria ya Kenya ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ya Uganda, ya mwaka huo huo, inataka utoe taarifa mara moja. Mwenye ofisi pande zote mbili anabanwa na zote mbili.

Mwisho ni zoezi ambalo karibu kila ofisi hulikwepa. Chagua Ijumaa moja tulivu, zima kompyuta kuu, na umwambie karani aliye mgeni kuliko wote arudishe mafaili ya mteja mmoja kutoka kwenye nakala, wewe ukiwa umekaa pembeni na saa mkononi. Asipoweza, usimgombeze. Andikeni hatua pamoja, mrudie Ijumaa inayofuata.