Mbigili Ipewe Heshima Yake

Wenye kusifiwa wamesifiwa vya kutosha. Fumo Liyongo ana utenzi wake, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Waheshimiwa wana mabango barabarani, na bibi harusi ana taarabu hadi alfajiri. Hata baiskeli imepata sifa zake: usafiri wa mnyonge, haili majani wala hainywi petroli. Lakini hajasimama mtu hadharani kuisifu mbigili, mwiba utambaao katika vichochoro vya vijiji vya Dodoma na kuzipigisha baiskeli magoti. Kazi hiyo nimejitwisha mimi, maana mbigili yenyewe si ya maneno mengi.

Tuanze na ukoo, kama adabu ya sifa inavyotaka. Mbigili ni ya ukoo mkubwa na wa kale, uliotapakaa katika nchi kavu za Afrika, Asia na kusini mwa Ulaya. Mwaka 1753 Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiandikisha kwa jina la Tribulus terrestris, nayo ikaendelea kutambaa kana kwamba haikusikia. Mwili wake hauna makuu. Shina linalala chini na kusambaa pande zote, majani madogo yamejipanga jozi kwa jozi, na ua lake ni la njano, petali tano, la kumpendeza hata mgeni wa mjini. Ua likishakuwa tunda na tunda likakauka, linaachana vipande vitano, kila kimoja na pembe mbili ndefu pamoja na vijipembe vya akiba. Hapo ndipo penye ufundi. Kirushe utakavyo, kipige teke, kikanyage: kitatua na pembe moja ikiangalia mbinguni. Majeshi ya zamani yalifua vyuma vya ncha nne kwa mtindo huohuo na kuvimwaga njiani ili farasi wa adui wachechemee. Majeshi hayo yalihitaji mhunzi, moto na hazina ya mfalme. Mbigili inahitaji manyunyu tu.

Kwa karne nyingi kipaji hicho kiliishia kwenye kwato za ng'ombe na nyayo za wachungaji. Kisha, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akamfungia mwanawe mipira ya upepo kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu ili isimtetemeshe. Ulimwengu ukashangilia. Mbigili haikushangaa, kwa kuwa ilikuwa imejiandaa zamani. Kilichokuwa kimekosekana ni tairi tu.

Sasa nije kwenye wema wake mkuu. Kijiji chetu, kama vijiji vingi vya Ugogo, kina mbele na nyuma. Mbele kulipigwa rula miaka ya 1970, enzi za Operesheni Vijiji, nyumba zikasimama mstari kiasi kwamba mkubwa akipita na gari lake anaweza kuzihesabu bila kushuka. Nyuma hakukupigwa rula na yeyote. Vichochoro vyake vilichorwa na mbuzi, na watoto waliochelewa shule, na wadaiwa wanaokwepa duka, na majirani wasiosemezana. Vinapinda kwenye ua wa minyaa, vinauzunguka mbuyu, vinapita mgongoni mwa tembe la mwisho lililobaki, kisha vinateremka korongoni. Huko ndiko kijiji chenyewe kiliko, na huko ndiko mbigili ilikofungua ofisi.

Mpanda baiskeli hudhani anakijua kijiji chake kwa sababu amekipita. Kupita si kujua. Anapiga kengele, kuku wanatawanyika, salamu ya mzee inamkuta ameshakata kona. Angeweza kuzunguka hivyo tangu ubatizo hadi ubarikio asijue nani anakaa nyuma ya nani. Mbigili haikubali ujinga wa namna hiyo. Inaingia kimya kimya, usukani unaanza kuwa mzito, rimu inagonga jiwe, na bwana mkubwa anashuka. Kuanzia hapo hapandi tena, anakokota. Na mtu anayekokota baiskeli lazima asalimie, maana hana namna ya kujifanya ana haraka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pancha?"

"Pancha, bibi."

"Hiyo mbigili ya kwa Yohana. Wewe mtoto wa nani?"

Swali hilo la mwisho ndilo mlango. Bibi anapukuchua karanga kivulini nyuma ya jiko, na kando yake majani ya mlenda yameanikwa juu ya gunia. Hatakuruhusu uende kabla hajaupanda ukoo wako hadi kwa babu yako, aliyewahi kumkopa jembe. Kutoka kwake utajua kwamba kichochoro unachokilaani kilikuwa mapitio ya ng'ombe kwenda kisimani, kabla nyumba hazijahamishiwa barabarani. Ndiyo maana kinapinda, kwa kuwa ng'ombe hapandi mteremko kwa rula. Utajua pia kwamba ua wa minyaa wa jirani yake umekuwa ukisogea kila mwaka kidogo kidogo, na kwamba minyaa haina miguu. Hayo yote hayamo kwenye ramani ya ofisi ya kijiji. Unayapata kwa bei ya tundu moja.

Wema wa pili ni uchumi. Kila mwaka tunasikia hotuba kuhusu ajira kwa vijana, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mbigili haijawahi kujaza fomu hiyo, lakini imemlisha fundi aliye chini ya mkwaju miaka yote. Mtazame akiwa kazini. Anabandua tairi kwa mipini miwili ya vijiko, anaujaza upepo mpira wa ndani na kuuzamisha kwenye beseni kipande kwa kipande hadi povu dogo lipande. Anakwaruza kwa msasa, anapaka solusheni, anaipuliza, anabandika kiraka alichokata kwenye mpira uliokwisha kustaafu. Kabla ya kurudisha tairi hupitisha vidole ndani yake, macho kafumba, akitafuta ncha iliyojificha. Fundi asiyefanya hivyo atakuona tena jioni, na wapo mafundi wanaopenda kukuona tena jioni.

Wema wa tatu ni usawa. Mtendaji wa kijiji, mwalimu, mchungaji wa kanisa na mchungaji wa mbuzi, wote hutobolewa kwa kiwango kimoja. Mbigili haipokei simu kutoka wilayani.

Itazame sasa mbele ya wapinzani wake. Mchanga wa korongoni nao hukushusha, lakini ukishauvuka umemalizana nao. Mbwa hukuongezea mwendo, kwa hiyo anakunyima hata kile ambacho ungekiona. Mgunga una miiba mirefu kuliko yote, ila unaionyesha kama mtu aliyenunua saa mpya, na aonaye hujihadhari. Mbigili pekee ndiyo yenye nguvu pamoja na unyenyekevu.

Sifa zake zimevuka bahari pia. Huko Marekani ilifika bila kualikwa na kuenea hadi Kalifonia, na wakulima wakaikasirikia. Mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, Wamarekani waliagiza kutoka Italia aina mbili za fukusi, mmoja wa kula mbegu na mmoja wa kutoboa mashina, wakawaachilia waitafune. Fukusi wakala wakashiba, na mbigili ikapungua mahali pengi; lakini waendesha baiskeli wa huko bado wanazilaani pancha zake. Wengine wameamua kuila wenyewe: huisaga, huiweka kwenye vidonge na kuiuza kama dawa ya nguvu za kiume, ingawa majaribio kwa wanaume wenye afya hayakuona homoni zao zikipanda. Sisi tunazijua nguvu zake kwa kipimo kingine. Tumeona baiskeli dume, yenye keria ya kubeba magunia mawili, ikilazwa na kitu kisichozidi punje ya mahindi. Hata Liyongo hakuwezekana kwa mikuki. Alimalizwa kwa sindano ya kitovuni.

Najua wenye kulalamika wapo. Watasema mbigili huwachoma watoto wanaocheza pekupeku. Ni kweli, na watoto hao wamejifunza kutazama wanapokanyaga, elimu ambayo wakubwa wengi hawanayo. Watasema kondoo wakiila kwa wingi huugua, jua likawachoma ngozi na uso ukavimba, kama wafugaji wa Afrika Kusini wanavyojua vizuri. Lakini nani alimtuma kondoo kula bila kiasi? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Watasema bodaboda haijali mbigili. Hilo nakubali kwa huzuni: tairi lake ni nene, linapita juu ya mbigili na juu ya salamu zetu kwa pamoja, na dereva wake ndiye mtu pekee kijijini anayeuliza njia ya kwenda kwa jirani yake mwenyewe.

Kwa hiyo naleta hoja mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Greda likija kusawazisha njia, libakize kichochoro kimoja chenye mbigili zake, kisifyekwe wala kufagiliwa. Wenzetu wanaorudi kutoka Dar es Salaam wakati wa Krismasi waegeshe magari barabarani, wapewe baiskeli, waelekezwe huko. Fundi awasubiri upande wa pili na beseni lake. Atakayefika akiwa anaweza kutaja majina ya watu watatu wa njia hiyo na alichoambiwa na kila mmoja, azibiwe bure kwa gharama ya kijiji. Asiyeweza kutaja hata mmoja asitozwe pesa wala asizibiwe: ageuze baiskeli yake, arudi alikotoka, na akokote pole pole.