Jinsi ya Kufunga Programu-jalizi ya Molekuli kwa Mkono, Ukiwa Mjini Baraka

Katika eneo zima la Fizi, huku mashariki mwa Kongo, molekuli huchorwa kwa chaki, na wanafunzi huziamini kama wanavyoamini malaika. Wewe hutaki kuamini. Unataka kuziona zikizunguka kwenye skrini. Basi utahitaji Chime, programu-jalizi ya kampuni ya MDL ya mwaka 1996, na subira ya mvuvi wa ndagala anayengoja mbalamwezi iishe.

1. Tafuta umeme. Paneli ya jua inatosha, mradi jua litoke na shemeji zako wasikutangulie kuchomeka simu. Mvua ikishika, washa jenereta. Pesa za mafuta zihesabu kuwa karo.

2. Nunua mega za intaneti, anza kupakua. Ikifika asilimia 97, mtandao utakatika. Usiupigie kelele. Rudia hatua hii mpaka uizoee.

3. Nakili faili la npchime.dll ulitie kwenye folda ya “Plugins” ya Netscape. Huna Netscape? Wenyewe waliiacha mkono Machi 2008. Jaribu Chrome: ilizifukuza programu-jalizi za ukoo huu mwaka 2015. Firefox ikafuata mwaka 2017. Wewe nakili tu. Prefe wa shule akipita, utaonekana una kazi.

4. Zima kompyuta, kisha uiwashe. Kama imeshajizima yenyewe, umeokoa muda.

5. Fungua 1XTC, yaani sumu ya kipindupindu, kutoka Protein Data Bank, hazina ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971. Hapo ungeona pete ya vipande vitano vya B vikishika ukuta wa utumbo, na kipande cha A kikipenya ndani kuziamuru seli zimwage chumvi na maji. Ungeona. Utakachoona ni mraba wa kijivu. Waambie majirani ndiyo molekuli yenyewe; nani atabisha?

6. Sasa futa yote. Siku hizi kuna JSmol, inayozungusha molekuli ndani ya kivinjari cha simu bila kufunga chochote. Unahitaji mega tu. Rudi hatua ya 2.

7. Mega zikiisha, fanya kemia bila skrini. Sumu hiyo ya kipindupindu, pwani hii ya Ziwa Tanganyika inaijua bila kuonyeshwa picha, na dawa yake imejengwa juu ya siri ndogo: ndani ya utumbo, glukosi huingia pamoja na sodiamu, na maji huzifuata. Mgonjwa akiharisha na pakiti ya dawa hiyo (ORS) haipo, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Koroga kwa mkono, mnyweshe huku mkielekea kituo cha afya.

Huu ndio ufungaji pekee katika mwongozo huu usiodai kuwasha upya.